Kinywa cha Kwanza

1

"Umelowa, mama?" mlinzi wa Idara ya Maneno alimuuliza Kalunde getini.

Siku hizo mji mzima wa Itumba ulisalimiana hivyo. Ukiulizwa umelowa, unajibu "hadi mifupa", mnacheka, kila mtu anashika njia yake. Kalunde hakujibu. Alikuwa amechoka, tena kazi iliyokuwa ikimngoja ndani ilikuwa kumsaka mtu aliyeyaanzisha maneno hayohayo. Mlinzi alipokumbuka anaongea na nani alijiziba mdomo. Kalunde alimpungia mkono kumwambia asijali, akapita.

Mambo yote yalianzia kwenye mvua. Serikali ya Shirikisho ilinunua mitambo ya kuruka, ya kuyakamua mawingu juu ya wilaya kavu. Misimu mitatu redio ilitangaza kwamba mvua imenyesha, na misimu mitatu mahindi yalikufa yamesimama shambani. Kisha Waziri akaja kuzindua awamu nyingine. Alipanda jukwaani amevaa koti la mvua, kofia yake kichwani, chini ya jua lile la Itumba linalolainisha lami, akawashukuru wananchi kwa kujitokeza licha ya manyunyu. Wananchi wakapiga makofi. Wangefanyaje?

Haukupita muda blogu zikachafuka. Kusema umekiona usichokiona, kwa kuwa mkubwa kasema kipo, kukaitwa kuvaa koti. Waliokula fedha za mitambo wakawa makoti, na wakubwa wao makoti marefu. Kulowa kukawa ni kukubali tu, yaishe. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno, na jumba hilo sasa lilikuwa wazi milango yote. Hata bungeni mheshimiwa mmoja wa chama tawala aliteleza akasema "sisi makoti", Spika akaahirisha kikao.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Tluway, alikuwa ameketi mbele ya chai iliyokwisha kupoa.

"Mkondo umefika mwisho," alisema. "Umetupatia mtu."

Mkondo ulikuwa ndio mtambo wa Idara. Katika Itumba kila mlango, kila bomba na kila simu ilikuwa na sikio, maana vyote viliendeshwa kwa sauti ya mwenyewe, na yaliyosikika yalihifadhiwa. Neno jipya huambukizwa kama mafua. Anayelipata kwa mwenzake hulitamka mara ya kwanza likiwa bado na kitu cha mwenzake ndani yake: kasi yake, kicheko chake, namna anavyovuta maneno. Mkondo uliyafuata mabaki hayo kinyumenyume, kutoka kwa huyu hadi kwa aliyempa, mpaka umfikie mtu ambaye hakupewa na yeyote. Huyo sheria ilimwita Kinywa cha Kwanza.

Nayo ilikuwa sheria ya huruma, ati. Zamani walikamatwa wote waliorudia neno baya, magereza yakafurika. Bunge likaona abebe mmoja, wengine wasamehewe. Mmoja huyo huzimwa. Kuzimwa si kufungwa, unalala kwako kama kawaida. Ila hakuna mtambo utakaobeba sauti yako tena, iwe ya leo au ya zamani. Mlango wako hauelewi unachosema, bomba halitoi maji, simu haikusikii. Kumbukumbu zako zote za sauti, hata za siku ya harusi yako, hufutwa popote zilipo.

"Ni nani?" Kalunde aliuliza.

"Ansila Ndimbo. Mwalimu wa chekechea, ana blogu yenye wasomaji wengi kuliko gazeti la serikali. Kesho uape, tuachane na balaa hili. Mke wangu mwenyewe ananiita koti, Bi Kalunde. Mezani, mbele ya wakwe."

Mtambo haukuruhusiwa kuhukumu. Ilikuwa lazima mhakiki, binadamu mwenye damu yake, asikilize kisha aape, na Kalunde ndiye aliyekuwa mhakiki mkuu. Alivaa visikilizio, akasikiliza mara ya kwanza kabisa Ansila alipoyatamka maneno yale kwenye blogu yake. "Jamaa kavaa koti," sauti ya msichana ilisema, "na nani kasema hajalowa?"

Kalunde alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Chini ya sauti ile ya msichana kulikuwa na uvutaji wa maneno wa mwanamke mkongwe wa Kizaramo. Mkongwe huyo naye alikuwa akimwigiza mtu, na mtu huyo aliburuta maneno kwa namna ambayo Kalunde alikuwa ameishi nayo nyumba moja tangu usichana wake.

"Kuna mabaki hapa," alisema.

"Mtambo umeyaona, yamechanganyika, hayana mwenyewe. Kelele za mtaani tu hizo."

Hazikuwa kelele za mtaani. Zilikuwa zimetoka kwenye msiba wa mumewe.

2

Nkwabi, mume wa Kalunde, alikuwa mpimaji wa mvua wa serikali. Kila asubuhi alivaa koti la mradi na mabuti, akaenda kuchungulia kikombe cha kupimia, akakikuta kikavu, kisha akautajia mtambo kiasi alichoagizwa kutoka juu. Jioni alirudi nyumbani akala akanyamaza. Kalunde hakumuuliza, naye hakusema. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa mwoga. Mtu wa kukohoa nje ili asimsumbue bosi. Muda mfupi baada ya Waziri kuzindua manyunyu yake, presha ilimwangusha Nkwabi palepale kwenye kikombe.

Msibani walikuja watani, wenye haki ya kumtania hata maiti. Nkwabi alikuwa Mnyamwezi kama mkewe, na Mnyamwezi hazikwi kwa raha kama Wazaramo wapo. Simu zote ziliwekwa kwenye tenga mlangoni na kufunikwa blanketi, kama desturi ilivyokuwa tangu masikio yalipoenea mjini, kwa sababu utani hautaki shahidi. Hapo Bi Chausiku Pazi, bibi wa mtaa wa pili, akalitwaa koti la marehemu akalivaa, akatia na mabuti, akaanza kutembea kama Nkwabi, kichwa upande, akiburuta maneno kama Nkwabi. Mtani akishavaa nguo za marehemu huyo ndiye marehemu, na haitwi jina jingine mpaka kaburi lifukiwe. "Nimechungulia kikombe," bibi alisema, "kikavu! Nikasema kimejaa! Jamaa nimevaa koti, nani kasema sijalowa?" Uwanja mzima ulicheka hadi wabeba jeneza wakaliweka chini. Kalunde naye alicheka huku machozi yakimtoka, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuisema.

Kwa hiyo neno lililoitetemesha serikali lilikuwa awali ni mzaha juu ya woga wa mumewe. Na Mkondo haukujua, maana palikuwa na blanketi juu ya tenga.

Kalunde aliomba kumwona mshitakiwa. Walimleta Ansila kwenye chumba cha mahojiano, msichana mwembamba mwenye chaki bado kwenye kucha.

"Shikamoo, mama," Ansila alisema, akainamisha macho. Walikuwa majirani. Siku ya msiba alikaa na wanawake wa jikoni akimenya vitunguu.

"Marahaba. Kwa nini hukuwaambia ulikoyasikia?"

"Sikuyasikia popote. Ni yangu."

"Ansila, mimi nilikuwepo."

Msichana alitazama sikio lililokuwa ukutani. Kalunde alilizima, mhakiki aliruhusiwa. Ndipo Ansila akavuta pumzi.

"Yasemwayo na mtani msibani hayatoki nje na jina, mama. Nyumbani nililelewa hivyo. Mimi niliyatoa. Nilicheka mno siku ile, nikajiambia watu wote wa Shirikisho wanastahili kucheka hivi. Sikuwaza. Sasa nikimtaja yule bibi nitakuwa nimekosa mara mbili."

"Unajua watakuzima?"

"Najua." Alichokonoa chaki kwenye ukucha. "Wanafunzi wananisikia darasani bila mtambo. Shida ni mama. Yuko kijijini, mbali, macho yalishampotea. Ananijua kwenye simu tu. Kila jioni nampigia. Watamwambiaje? Kwamba sijafa, ila hatanisikia tena?"

Kalunde alimshika mkono. Hakuuachia mpaka askari alipogonga.

3

"Karibu, mke wangu. Pole na kazi," mlango wa nyumba ulisema alipofika, na kitasa kikajifungua.

Ilikuwa sauti ya Nkwabi. Katika Itumba kila nyumba husema kwa sauti ya mmoja wa wenyewe, na wao walipohamia pale walimchagua yeye kwa kuwa Kalunde alichoka kujisikiliza. Baada ya mazishi shemeji zake walimsihi aibadilishe. Alisema atabadilisha, hakubadilisha. Sauti ile ilimwambia tangi limebaki nusu, ilimkumbusha kuzima jiko, ilimuuliza kama amekula. Nyakati nyingine alijibu. Hakuwa na wazimu, alikuwa na upweke, na hivyo ni vitu viwili tofauti ingawa majirani huvichanganya.

Alikaa akafikiri. Angeapa kama Bwana Tluway alivyotaka, msichana azimwe kwa kosa la kucheka. Au angesema kweli, azimwe Bi Chausiku mwenye umri ule, ambaye dawa zake za moyo hutolewa na kijikabati kinachoitika kwa sauti yake. Tena wakijua kwamba neno lilizaliwa chini ya blanketi, kesho sheria nyingine ingepitishwa, ya kukataza matenga. Masikio yangeingia misibani, na watu wangezikana kimya kama Nkwabi alivyoishi.

"Umekula?" nyumba iliuliza.

"Bado," alisema.

Asubuhi alipita kwa Bi Chausiku kabla ya kwenda kazini. Alimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu! Umekuja kunifulia?"

"Mtumwa ni wewe. Babu zetu waliwabeba."

"Walibeba mizigo yetu, ndiyo, kwa sababu ndio mlichojua." Bibi alicheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikakatika. "Una nini?"

Kalunde alilifunika sikio la mlango kwa kanga, akamweleza yote. Bibi aliusukuma ungo pembeni, akaanza kutafuta kandambili zake.

"Twende. Nimesema mimi, nitabeba mimi. Mtoto wa watu asizimwe."

"Na dawa zako?"

"Nimeshameza za kutosha. Si ningekufa tu hata bila serikali?"

"Bibi, kaa."

"Sikai! Wataniuliza jina, nitawaambia Chausiku binti Pazi, nimesema mbele ya..." Alisita na kandambili moja mkononi. Alionekana kukasirishwa na jambo jipya. "Ila ngoja. Siku ile mimi sikuwa Chausiku. Nani aliniita Chausiku? Wewe mwenyewe uliponiletea ubwabwa ulisemaje?"

Kalunde alikumbuka. Alikuwa amemwekea sahani mbele akasema: Nkwabi, kula, wenzako wanakusubiri. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo isemwavyo. Na wote waliokuwepo walisema hivyo, na shehe pia.

"Nilikuita Nkwabi," alisema taratibu.

"Basi! Wamkamate Nkwabi," bibi alisema, na kwake ulikuwa utani tu. Alijipiga paja akacheka peke yake. Kalunde hakucheka. Alikuwa ameshaona njia, na alikuwa ameona pia ingemgharimu nini. Aliaga upesi ili bibi asimsome usoni.

4

"Marehemu?" Bwana Tluway alisema.

"Marehemu Nkwabi, mume wangu, mpimaji wa mvua," Kalunde alisema. "Yale mabaki yasiyo na mwenyewe ni yake. Linganisha na kumbukumbu za nyumba yangu."

Bwana Tluway alilinganisha. Mkondo ulifikiri, ukaafiki kwa sehemu kubwa. Kuna mchanganyiko, ulisema, ila uburutaji ni wa marehemu bila shaka. Ulimwomba mhakiki atamke ni lini na wapi neno lilisemwa.

"Nyumbani kwangu. Kabla Ansila hajaliweka kwenye blogu. Walikuwepo watu wengi, na kila mmoja akiulizwa aliyesema ni nani, atakutajia Nkwabi. Waulize."

Mkurugenzi aliegemea kiti. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameshakwenda misiba mingi, hata kwao Mbulu watani wapo, na alijua vizuri ni nani husema kwa jina la nani kabla kaburi halijafukiwa. Kalunde aliona mambo hayo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine.

"Bi Kalunde," alisema mwishowe, "huyo bwana nilimfahamu. Hakuwahi kuinua sauti hata kwa kuku."

"Hakuwahi."

"Na sasa tuandike kwamba ndiye aliyelitia joto Shirikisho zima."

"Ndivyo."

Kalunde alijihoji, na hakujionea huruma. Je, na yeye amevaa koti? Anaapa kwamba alimwona mume wake mahali palipokuwa na bibi kizee mwenye mabuti makubwa. Waziri naye aliona mvua kwenye jua. Tofauti iko wapi? Aliitafuta tofauti kwa uchovu, na alichokipata ni hiki tu: pale uwanjani hakuna aliyeamrishwa. Watu walimwita bibi Nkwabi kwa hiari yao, kwa kuwa walimpenda aliyekufa na walitaka akae nao kidogo zaidi. Hakuwa na hakika kama sababu hiyo inatosha mbele ya Mungu. Ilimtosha yeye kufungua mdomo.

"Unajua sheria haichagui hai na mfu," Bwana Tluway alisema kwa sauti ya chini. "Atazimwa kila mahali. Nyumba yako ile... nilipokuja kuhani, mlango ulinikaribisha kwa sauti yake."

"Najua."

"Hakutabaki kitu. Hata chembe."

"Mkurugenzi, yule msichana ana mama asiyeona, anamjua kwa simu tu. Mimi nimeshaishi na mume wangu. Niapishe."

Bwana Tluway alisugua macho. Alitaka mtu wa kumpa Waziri, na mfu ni mtu mzuri kupita wote, hakati rufaa wala hafungui blogu. Yeye pia alikuwa amechoka.

"Apa basi," alisema, "kabla akili hazijanirudia."

Kalunde aliapa. Alipofika kwenye jina alilitamka polepole. Mkondo ulipokea, ukashukuru, ukaanza kazi.

5

Jioni ilipofika habari zilikuwa zimeenea. Ansila alikuwa ameachiwa. Blogu zote zilimlilia shujaa Nkwabi, mpimaji aliyethubutu kusema, na mwandishi mmoja ambaye hakuwahi kumwona aliandika kwamba macho yake yaliwaka moto wa ukweli. Kalunde alisoma sentensi hiyo njiani, akaona aibu kwa niaba ya marehemu. Angejificha chini ya kitanda, Nkwabi, kama angejua.

Mlango haukusema kitu. Kitasa kilisubiri, kikawaka taa ndogo nyekundu, na ikabidi Kalunde aseme mwenyewe: "Fungua." Kilifunguka bila neno.

Ndani alifungua simu yake. Ujumbe wote wa sauti alioutunza, ule wa "nitachelewa", ule wa "nunua chumvi", ule mrefu aliomtumia kutoka kituo cha mbali akilalamikia mbu, ulikuwa bado umepangwa na tarehe zake. Aligusa mmoja. Ulicheza kimya mpaka mwisho wake, kisha ukasimama. Aligusa mwingine. Alipofika kwenye video ya harusi, Nkwabi alisimama amevaa suti ya kuazima, akafungua mdomo, akaufunga, na wageni wakapiga makofi.

Bi Chausiku alifika bila kubisha. Alikuwa amesikia habari sokoni, akaelewa ni nini alichokuwa amekisema barazani asubuhi. Hakumwita Kalunde mtumwa. Aliketi sakafuni kando yake na kanga ikiwa imemlegea begani, mkongwe mdogo asiyejua aanzie wapi.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!" Bibi alilia kwa sauti, bila kujificha. Kalunde alimwacha alie, hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu.

Kisha alifumba macho. Alitaka kumsikia kichwani angalau, mahali ambapo hakuna mtambo unaofika. Alianza na lile dogo kabisa, lile la kila siku, karibu mke wangu, pole na kazi. Alingoja. Sauti ikaja, ikiburuta maneno vilevile, kichwa upande vilevile, na kwa sekunde moja alidhani ni yeye. Halafu akaitambua. Haikuwa ya Nkwabi. Ilikuwa ya Bi Chausiku, siku ile, ndani ya koti.

Alijaribu tena, ikaja ileile. Alijaribu kuiondoa ili apate ya chini yake, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Bibi," alisema, macho bado yamefumbwa.

"Naam."

"Alikuwa akisema hivyo kweli? Kama ulivyofanya?"

Bi Chausiku alijifuta pua kwa pindo la kanga. Alikuwa amewaigiza wafu wengi katika maisha yake, na hakuna hata mjane mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Nilizidisha kidogo," alisema. "Ili watu wacheke."